Mimi, Paskazia na Kinanda cha Dubai

Jumatatu, 12 Julai 1993

Siku kubwa! Mwalimu Mkuu wetu, Mama Wilhelmina, ametoa tangazo ofisini wakati wa chai. Bwana Shaibu, yule mfanyabiashara wa Buzuruga anayeleta redio na pasi kutoka Dubai tangu biashara ilipofunguliwa, ataipa shule yetu ya Jiwe Refu kinanda. Kipya! Bado kiko ndani ya boksi lake! Kinatumia betri, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja umeme ambao tumekuwa tukiahidiwa tangu nilipoajiriwa.

Kitakaa katika stoo ya majembe. Ufunguo ni mmoja tu. Atakayepewa ufunguo ndiye atakayefundisha muziki madarasa yote ya chini. Mama Wilhelmina akasema wanaofikiriwa ni wawili: mimi wa Darasa la Kwanza A, na Mwalimu Paskazia wa Kwanza B. Nilicheka kimoyomoyo. Ati wawili!

Mimi, Obedi Mihayo, nimeimba besi katika kwaya ya kanisa miaka kumi na minne. Nasoma nota za do-re-mi bila kusogeza midomo. Paskazia je? Paskazia anafundisha muziki kwa majina ya samaki. Sitanii. "Sato, sato, dagaa, sato," na watoto wanapiga makofi kwa kila kipande cha neno. Nimemwambia mara mbili kwamba muziki si soko la samaki la Mwaloni. Huwa anacheka tu, kisha ananiuliza kama nimekula.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilipokuwa mdogo, misheni kule Sengerema, kazi yangu ilikuwa kusukuma hewa ya kinanda cha kanisa. Miaka sita nimekaa nyuma ya ubao, napandisha mpini, nashusha mpini, na mwenzangu anapiga. Sikuruhusiwa kugusa kibonyezo hata kimoja. Nakitaka kinanda hiki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na hapo nimemjumlisha mke wangu, Mama Sabina. Daftari nitalificha chini ya gunia la mpunga.

Jumatano, 14 Julai

Kazi imeanza. Nimechora ubaoni ngazi nzima ya do mpaka do, kwa chaki ya rangi. Watoto arobaini na saba, wengi wana miaka saba. Nikawaeleza pigo zima, nusu pigo na robo pigo. Ili waelewe robo nikakata chungwa kwa kisu mbele yao. Chungwa wamelielewa vizuri sana. Kipindi kiliisha wakigombea maganda.

Baada ya mapumziko nikagonga meza kwa rula, nikawaambia wanifuate kwa makofi. Hawawezi! Mimi nikifika mwisho, wao bado wako katikati ya mstari. Darasa zima linachelewa. Tena wanachelewa wote kwa pamoja, jambo linaloonyesha kwamba kuna mtu amewafundisha vibaya huko nyuma. Namshuku mmoja.

Saa tano nikapita kwa Paskazia kuazima chaki. Chaki ninayo, nilikuwa nayo mfukoni. Nikakuta watoto wamekaa chini kwa duara, kila mmoja ana jiwe mkononi. Wanaimba samaki wao, na kwa kila pigo kila mtoto anampa jiwe jirani yake wa kulia. Mawe yanazunguka kama maji. Anayekosea hafukuzwi. Anaambiwa yeye sasa ni furu, yule samaki mdogo, arudi majini kidogo, na raundi inayofuata anakaribishwa tena. Hakuna nota hata moja ubaoni! Nilisimama dirishani kwa muda mrefu, kwa ajili ya uchunguzi.

Ijumaa, 16 Julai

Ushindi wa kwanza. Katika kikao cha walimu Mama Wilhelmina alitaka kugawa alama yeye mwenyewe, na sote tunajua anavyompenda Paskazia. Nikasimama. Nikasema kwa upole kwamba sisi ni watu wa Usukumani na tunayo njia yetu. Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, hawajawahi kugawiwa alama na mtu. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule. Watu wanakwenda wanakovutwa na miguu yao. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyekimbiwa anarudi kwao kimya kimya. Walimu wakapiga meza kwa furaha. Imepita!

Sasa siri yenyewe. Katikati ya uwanja wetu kuna lile jiwe, kubwa kuliko ofisi. Nikapendekeza kundi moja likae upande huu wa jiwe na jingine upande ule, na mgeni rasmi akae mwishoni mwa jiwe ili aone pande zote mbili. Shughuli itaanza saa tatu asubuhi, Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Mimi, kwa unyenyekevu, nikaomba upande wa magharibi.

Saa tatu asubuhi kivuli chote cha jiwe kiko magharibi. Mashariki ni jua tupu. Mwezi wa saba, nani atasimama juani kusikiliza samaki? Paskazia akajibu kwamba upande wowote ni sawa kwake. Maskini! Nilimwonea huruma mpaka nikamwazima chaki.

Jumatatu, 19 Julai

Mbinu ya pili. Katika darasa la Paskazia yuko mtoto anaitwa Mwanvua, binti wa fundi cherehani. Meno mawili ya mbele hana, lakini mikono anayo. Akipiga makofi, wenzake wanamfuata bila kuambiwa. Nikamwendea Paskazia na kumweleza kwamba madarasa yetu hayana uwiano. Nikampa wavulana wawili wazuri na fagio jipya, anipe Mwanvua. Akasema mtoto ni mtoto popote anapokaa, na fagio kweli linahitajika. Amekubali! Biashara huria hii, mwenye akili ndiye anayefaidi.

Kipindi cha nne Mwanvua alikuwa kwangu. Nikagonga rula mstari mmoja tu, akanyoosha mkono. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, kisha akasema kwamba ninakimbia. Nilikuwa nimesimama palepale tangu kipindi kianze! Nikamwuliza anamaanisha nini. Akasema Mwalimu unaanza vizuri, halafu unakimbia, unatuacha. Darasa zima likaitikia ndiyo. Nimemhamishia dawati la nyuma, na nitamshauri baba yake ampeleke kupimwa macho.

Jumanne, 20 Julai

Nimekubali kwamba maneno yanasaidia. Lakini si samaki! Mtoto wa leo anahitaji maneno ya wakati wa leo. Nimetunga mwenyewe: "Soko huria, vyama vingi, soko huria." Mapigo safi, na siasa ndani yake.

Wakauliza soko huria ni nini. Nikawaeleza ni soko ambalo kila mtu anauza anachotaka. Mtoto mmoja akauliza kama humo wanauza sato. Nikasema bila shaka wanauza. Loo! Darasa zima likalipuka, sato, sato, dagaa, sato, makofi pamoja, hakuna aliyepotea, na Mwanvua kule nyuma anaongoza kwa kugonga dawati. Walikuwa sawasawa kabisa. Nikafunga kipindi dakika kumi kabla ya wakati.

Alhamisi, 22 Julai

Kila mtu Usukumani anajua kwamba hakuna anayeingia uwanjani mikono mitupu. Wagika wana dawa zao za kuvuta watu, na Wagalu wana zao. Mimi ni mwanakwaya. Kwa hiyo leo nimekwenda nyuma ya stendi ya Buzuruga kwa Mzee Shimba, aliyekuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa Wagalu enzi zake, kutafuta ushauri wa kitaalamu tu. Nilimpelekea jogoo, na nilibeba ngoma nitakayoipiga Jumamosi.

Mzee Shimba akaniambia nipige ngoma kwanza asikie. Nikapiga. Akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika, na machozi yakamtoka. Sijawahi kumgusa mtu kiasi hicho. Alipotulia akanipa kipande cha mzizi nikifunge kwenye ngoma, na sharti moja. Tangu pigo la kwanza mpaka la mwisho, macho yangu yasimwache mgeni rasmi. Nikimwacha, dawa imekufa.

Nikamwuliza kwa nini iwe mgeni. Akanijibu, "Ng'wanawane, mwanangu, ukimwangalia mgeni hutawaangalia watoto, na usipowaangalia hutawasumbua." Maneno mazito ya wazee. Sikuyaelewa, lakini nimeyaandika hapa.

Mama Sabina ameuliza jogoo yuko wapi. Nimemwambia ameingia katika mambo ya elimu.

Jumamosi, 24 Julai

Naandika polepole, kwa utaratibu, ili ukweli ubaki.

Saa mbili na nusu kivuli kilikuwa upande wangu, kipana, kimetulia. Wazazi walikuwa upande wangu. Akina mama wa sokoni wametandika khanga upande wangu. Hata wauza mitumba walileta marobota yao na kuyakalia, upande wangu. Kwa Paskazia walikuwa mbuzi watatu na baba mmoja ambaye nadhani aliwafuata mbuzi. Nilipita kumsalimu Paskazia, nikamwambia ajipe moyo.

Saa tatu, mgeni hajafika. Saa nne, hajafika. Ikaja habari kwamba Bwana Shaibu alilala Sengerema kwenye harusi, na sasa yuko Busisi anangoja kivuko. Saa tano nikaona kivuli kimesogea. Saa sita kimebaki ukanda mwembamba, na wazazi wangu wamebanana kwenye jiwe wakiwa wima. Saa nane kamili gari la Bwana Shaibu likaingia uwanjani. Kivuli chote kilikuwa mashariki! Watu walikuwa wamekwisha kuchukua khanga na marobota yao na kuhamia kwa Paskazia, kabla hata nota moja haijasikika. Huu si ushindani wa muziki. Jua limejiingiza katika jambo lisilolihusu.

Lakini mzizi nilikuwa nao. Mama Wilhelmina akapuliza filimbi. Nikasimama mbele ya watoto wangu, nikamkazia macho Bwana Shaibu kwenye kiti chake kule mwishoni mwa jiwe, na nikaanza kupiga.

Nilipiga kama sijawahi kupiga! Bwana Shaibu akatabasamu. Bwana Shaibu akafuta jasho. Nyuma yangu sauti za watoto zikaanza kushuka. Nilijisikia fahari, maana wiki nzima nimewafundisha kushusha sauti taratibu na hawakuwahi kuweza. Zikashuka zaidi. Zikashuka mpaka nikawa naisikia ngoma yangu peke yake. Uzuri ulioje! Sharti ni sharti, sikugeuka.

Kisha Bwana Shaibu akasimama, akabeba kiti chake, akaelekea kivulini.

Nifanye nini? Macho yasimwache! Nikamfuata. Nikazunguka jiwe zima nikipiga ngoma, macho kwake, nikajikwaa kwenye robota, nikaendelea. Nilipotokeza upande wa pili nikawaona watoto wangu arobaini na sita. Wamekaa katika duara la Paskazia na mawe mikononi, wamechanganyika na wa kwake, na wanaimba. Sangara, dagaa, sangara, sato. Mwanvua yuko katikati. Mawe yanazunguka na uwanja mzima unapiga makofi. Mzee Shimba amekaa mstari wa mbele anatafuna karanga, na pembeni yake, kwa macho yangu, Mama Sabina!

Mama Wilhelmina akahesabu. Upande wa magharibi: mbuzi watatu, waliosukumwa huko na umati. Upande wa mashariki: watu wote, pamoja na mimi. Nikakata rufaa palepale nisihesabiwe. Rufaa imekataliwa.

Paskazia akapewa ufunguo. Niliumia. Siwezi kuandika vinginevyo, niliumia sana. Nikaenda nyuma ya vyoo vya walimu nikakaa juu ya ndoo. Kutoka huko nikasikia Bwana Shaibu akifungua boksi na kubonyeza mara moja, ili watu wasikie sauti. Sauti moja tu, ndefu. Machozi yalinitoka, na kwa kweli leo vumbi lilikuwa jingi.

Jumatatu, 26 Julai

Sikutaka kwenda kazini. Mama Sabina akasema mwenye kukimbiwa na watu asikimbiwe na mshahara pia. Nikaenda.

Saa nne Paskazia akaja darasani kwangu, akasubiri watoto watoke, akaweka ufunguo juu ya meza yangu. Akasema yeye hajui kupiga kinanda na wala hana hamu ya kujifunza. Watoto wake wana mawe na wanatosheka. Alinitafuta Jumamosi anishukuru kwa kuwaleta watoto, akaniona kule nyuma ya vyoo, akarudi bila kuniita. Nishike mimi ufunguo. Anachoomba ni kwamba kila Jumatano niwapigie watoto wa madarasa yote mawili waimbe. Na ombi la pili, akasema taratibu, nisiwe ninawatangulia.

Amesalimu amri! Nilijua. Mtu hawezi kumshinda mwenye taaluma na bado akalala usingizi. Nilimshukuru kwa heshima, maana mshindi hapaswi kuringa.

Saa nane na nusu, shule imetawanyika, nikafungua stoo. Nikapangusa kiti. Nikabonyeza do. Ikalia! Nikaibonyeza tena, ikalia tena, bila mtu yeyote kusukuma mpini nyuma ya ubao. Nilibonyeza vibonyezo vyote kimoja kimoja, kutoka kushoto mpaka kulia, kisha nikarudi. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu. Daftari lirudi chini ya gunia.

Jumatano, 28 Julai

Kipindi cha kwanza cha kinanda. Watoto tisini na tatu, wengine wamekaa juu ya majembe. Paskazia mlangoni, Mama Wilhelmina dirishani. Nimetunga wimbo mwenyewe wa jiwe letu, beti nne.

Kinanda hiki kina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, ngoma inalia yenyewe humo ndani, tu-ta, tu-ta, haichoki. Watoto walipiga kelele za furaha. Nikaanza kupiga.

Mstari wa kwanza, vizuri. Mstari wa pili nikaona ngoma ya ndani imeanza kuchelewa. Mstari wa tatu imebaki nyuma kabisa! Nikaongeza nguvu ili iamke. Haikuamka. Na watoto, badala ya kumfuata mwalimu wao, wakaifuata ngoma ya Dubai, wote tisini na tatu, na Paskazia akikanyaga mguu pamoja nao. Nilimaliza ubeti wa nne wao wakiwa wanaingia wa tatu.

Nikajaribu tena. Mara tatu nimejaribu! Mara zote tatu mashine imechelewa, tena kwa kiasi kilekile. Mama Wilhelmina akauliza dirishani kwa nini nisiwangoje. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mwalimu hangoji mashine. Mwanvua akapendekeza niimbe sato moyoni wakati ninapiga. Nimempongeza kwa kuwa na moyo wa kusaidia.

Nimelala mchana huu nikiwaza, na jibu limekuja lenyewe. Watoto wanachelewa. Paskazia anachelewa. Kinanda kinachelewa. Chanzo ni kimoja, kinanda, maana wengine wote wanakifuata. Vitu vya Dubai lazima uvijaribu dukani.

Ijumaa, 30 Julai

Nimetenda inavyopaswa. Jana nilimwandikia Bwana Shaibu barua ya ukurasa mmoja na nusu, na leo asubuhi nimekirudisha kinanda ndani ya boksi kwa mikono yangu mwenyewe, nikafunga kamba, nikampelekea kwake Buzuruga. Bwana Shaibu aliuliza kama kimekufa. Nikasema ni kizima kabisa ila kinachelewa. Akakitazama, akanitazama, akasema safari yake ya Dubai ni mwisho wa mwaka na huko atamwuliza fundi, lakini hawezi kuahidi kwamba kitarudi hichohicho, au kwamba kitarudi.

Paskazia aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Wivu huo, nimemsamehe. Mama Sabina nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha akaacha kucheka na kunishika mkono, sijui kwa nini. Mimi sina huzuni. Miaka kumi na minne ya kwaya haiwezi kubabaishwa na kitufe chekundu.

Kwa sasa watoto wa Kwanza A wanakwenda kwa Paskazia kwa kipindi cha muziki, na mawe yao. Ni mpango wa muda. Mimi naendelea na wajibu wangu. Stoo naifungua kila siku saa moja na nusu asubuhi, napangusa meza, na saa nane naifunga. Ufunguo uko kwangu, na Paskazia hana nakala.